Masijala ya Picha: Maandishi ya nyuma yamekwenda wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja, kila mmoja amekieleza kwa namna yake: picha ipo, inaonekana vizuri, ila habari zake zimepotea. Kwa hiyo maswali ya kuondoa madoa na kurudisha rangi nimeyaweka kando, tutayarudia. Nilifanya kazi masijala kwa miaka 31 kabla ya kustaafu hapa Dodoma, na kumbukumbu kupotea ilhali karatasi ipo ni jambo linaloniuma hadi leo.

Shikamoo mama. Mwaka jana nilichukua sanduku la picha za marehemu baba, jumla picha 340, nikaziskani zote. Kila picha niliiandikia maelezo kwenye kompyuta: nani yumo, wapi, mwaka gani, kama baba alivyoandika nyuma kwa mkono wake. Kisha nikampa kijana mwenye duka la kompyuta aondoe mikwaruzo. Kazi yake ni nzuri, picha zimetakata. Lakini nikizifungua, maelezo hayapo hata kwa moja, na tarehe zote zinasema mwezi uliopita. Kijana anaapa hakufuta kitu. Yamekwenda wapi, na yanaweza kurudi? Binti wa dereva, Mpwapwa.

Marahaba mwanangu, na pole. Kijana anasema kweli. Hakufuta kitu, ila hakuyabeba, na ninyi wawili hamkujua kwamba yanatakiwa kubebwa.

Kule masijala kila shauri lina jalada. Juu ya jalada pana namba, jina la somo na tarehe ya kufunguliwa. Ndani mna barua zilizopewa namba za folio. Mtu akichomoa folio ya 14, akatoa kopi safi, akakurudishia kopi peke yake, barua inasomeka vizuri tu, lakini hakuna ajuaye ni ya shauri gani. Faili la picha kwenye kompyuta limekaa vivyo hivyo. Mna picha yenyewe, yaani mamilioni ya nukta za rangi, na pembeni yake, ndani ya faili hilohilo, mna maandishi ambayo jicho halioni. Wenyewe wanayaita metadata. Programu ya kuhariri ikifungua picha inashughulika na zile nukta. Inapohifadhi faili jipya, yale maandishi inaweza kuyaandika tena au ikayaacha, kutegemea ilivyopangwa.

Maandishi hayo yana vyumba vitatu. Exif ilitoka Japani mwaka 1995 kwa ajili ya kamera: tarehe, saa, aina ya kamera, namna mwanga ulivyopimwa. IPTC ni ya watu wa magazeti. Jina hilo ni la baraza la vyombo vya habari lililoanzishwa mwaka 1965, lenye makao London, na humo ndimo mnamoandikwa nani yumo pichani, mji gani, nani alipiga. XMP ililetwa na kampuni ya Adobe mwaka 2001 na inaweza kubeba karibu kila kitu. Nakueleza haya kwa sababu moja: unaweza kuona maelezo kwenye programu hii usiyaone kwenye ile, kwa kuwa hii inachungulia IPTC na ile inachungulia XMP. Kabla hujalia kwamba yamepotea, fungua picha kwa programu nyingine.

Kwa picha zako nadhani yamepotea kweli, maana tarehe nazo zimebadilika. Faili lisipokuwa na tarehe ndani, kompyuta hukuonyesha siku faili lilipohifadhiwa, ndiyo hiyo ya mwezi uliopita. Yawezekana kijana alitoa nakala kwa ile njia ya kupunguza ukubwa kwa ajili ya intaneti, ambayo mara nyingi hutupa maandishi ili faili liwe jepesi. Au alinakili picha akaibandika kwenye ukurasa mpya, na hapo picha huja uchi. Au alikuwa na GIMP, programu ya kuhariri picha, ambayo wakati wa kutoa JPEG (aina ya faili la picha lililobanwa) huonyesha visanduku vya Exif, IPTC na XMP. Visipowekwa alama ya vyema, maandishi hayaendi.

Sasa la kurudi. Skani zako za mwanzo unazo? Kama zipo, hata kwenye flashi iliyosahaulika kabatini, basi umepona. Iko programu ya bure iitwayo ExifTool, kazi ya Phil Harvey, inayotolewa tangu mwaka 2003. Haina madirisha ya kupendeza, unaiandikia amri kwa maneno, lakini kijana wa duka la kompyuta haitamshinda. Mwambie aweke skani za mwanzo kwenye folda iitwayo skani, na zilizosafishwa kwenye folda iitwayo safi, majina ya mafaili yafanane (0123.tif na 0123.jpg), kisha aandike:

exiftool -TagsFromFile skani/%f.tif -all:all --Orientation -ext jpg safi

Maana yake: kwa kila JPEG iliyomo safi, tafuta yenye jina lake kwenye skani, chukua maandishi yake yote uyaandike humu. Kipande cha Orientation nimekizuia makusudi, kwa vile vistari viwili vilivyo mbele yake, kisinakiliwe. Ni alama inayoiambia kompyuta picha igeuzwe upande gani. Kama kijana alikwisha kuigeuza kwa mkono na alama ya zamani ikarudi, picha itageuzwa mara ya pili na babu atalala ubavu. Usiogope ukiona mafaili yameongezeka: ExifTool huacha nakala ya lililokuwepo, mwishoni mwa jina pakiwa na neno _original. Usiyafute mpaka umekagua.

Na kukagua ni kwa macho. Kwenye Windows bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia palipoandikwa Properties, kisha Details, usome. Usikague ya kwanza tu. Mimi hukagua ya kwanza, ya mwisho, na nyingine kumi za katikati.

Mwanangu, hili sikulisoma kitabuni. Kuna kwaya ya parokia niliyowaskania picha 212, za kuanzia enzi za kinanda cha kukanyaga. Majina ya watu sikuyajua. Mzee mmoja aliyeimba besi tangu ujana alikuja kukaa nami alasiri tatu, tukiwa chini ya mwembe, picha moja baada ya nyingine. Alikuwa akiweka kidole juu ya uso wa mtu, ananyamaza kwanza, ndipo anataja jina. Nikaandika yote ndani ya mafaili. Baadaye wakataka picha ndogo za kitabu cha jubilei. Nikatoa nakala ndogo, na kwa kuwa diski ilikuwa imejaa, nikafuta zile kubwa. Sikukagua. Nilipogundua kwamba zile ndogo hazina neno hata moja ndani, yule mzee alikuwa amezikwa miezi minne. Kwenye kaunta buku nilikuwa nimeandika majina ya picha 60 tu, za alasiri ya kwanza. Siku zilizofuata nilikuwa naandika kwenye kompyuta moja kwa moja, nikijiona nimeendelea. Zilizobaki 152 zina nyuso nzuri, zinacheka, na sizijui.

Tangu siku hiyo nina sheria mbili. Skani ya kwanza haiguswi kamwe: naiweka kwenye folda yake, nailinda isiandikike, na kila usafi unafanyika kwenye nakala. Na maelezo yote nayaandika pia kwenye kaunta buku, kwa namba ya picha. Wewe maandishi ya baba yako bado yapo nyuma ya picha zenyewe, kwa hiyo hata skani zikikosekana unaweza kuanza upya. Safari hii skani na mgongo wa picha pia. Mimi huziita 0123a kwa uso na 0123b kwa mgongo. Mwandiko wa baba ni picha ya baba.

Salaam mama. Ninayo picha ya tembe la babu yangu huku Bahi. Nyuma pameandikwa kwa wino wa bluu: "Tembe letu kabla ya kuhama." Mwaka hakuna. Mtoto aliyesimama mlangoni ni mdogo wangu, aliyezaliwa mwaka wa Azimio. Programu inanilazimisha kujaza siku, mwezi, mwaka na hata saa. Niandike nini? Mwalimu mstaafu, Bahi.

Mwalimu, nakushukuru kwa kunitumia na picha yenyewe. Nimeitazama kwa lenzi siku mbili. Paa la tembe limelala sawa kama meza, juu yake vibuyu vimeanikwa jua, na kivuli cha mlango ni kifupi, basi ilikuwa karibu na saa sita mchana. Mama aliyesimama kushoto ameziba jua kwa kiganja. Mdogo wako amevaa shati peke yake, la mtu mzima, limefika magotini.

Tarehe yako umeshaitoa mwenyewe bila kujua. Azimio la Arusha ni 1967. Mtoto amesimama wima bila kushikwa, tumbo mbele, magoti yamenyooka. Namkadiria miaka miwili hadi minne. Hiyo inatupa 1969 hadi 1971. Na kuhama anakotaja mwandishi, kama ndiko kule kwa Operesheni Dodoma, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, basi kulianza 1971. Vidole viwili vinaelekeza mahali pamoja. Ila waulize wakubwa kama familia haikuhama mara nyingine kabla ya hapo, maana Wagogo walihama pia kwa ajili ya malisho na njaa, na neno "kuhama" peke yake halitoshi.

Kuhusu kujaza: faili lina tarehe zaidi ya moja, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Ipo tarehe picha ilipopigwa, na ipo tarehe ilipoingizwa kwenye kompyuta. Hiyo ya pili ni siku ya kuskani. Iache ilivyo, ni kumbukumbu halali. Skana nyingi huandika siku ya kuskani kwenye zote mbili, ndiyo maana tembe la babu yako linajidai limepigwa juzi. Rekebisha ile ya kwanza tu.

Exif imezoea tarehe kamili, mwaka mpaka sekunde. XMP inakubali mwaka peke yake, 1970, na kama programu yako inaruhusu kuandika hivyo, andika hivyo. Ikikataa, weka 1970, Januari 1, saa sifuri kamili. Hapo picha itajipanga mahali pake, baada ya ile ya harusi ya 1965 na kabla ya ile ya kipaimara ya 1974. Lakini usiishie hapo. Kwenye maelezo andika wazi: "Takriban 1969–1971. Siku na mwezi havijulikani. Januari 1 imewekwa kwa ajili ya kupanga tu. Mtoto alizaliwa 1967. Nyuma: Tembe letu kabla ya kuhama." Mjukuu wako akiisoma miaka 40 ijayo atajua ulichokijua, ulichokikadiria, na ulikadiria kwa sababu gani. Kumbukumbu inayoficha kwamba ni makadirio itamdanganya hata mtu makini. Nimeona majalada ya ardhi yakizusha ugomvi wa miaka kwa sababu karani mmoja alijaza mwaka aliouhisi bila kusema kwamba anahisi.

Wasomaji wengine wenye picha za mikutano, hapa Dodoma tunazo nyingi, tafuteni bendera na vitambaa. Palipoandikwa TANU ni kabla ya Februari 5, 1977, siku CCM ilipozaliwa. Kama bendera ni ya CCM, picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Zile namba za rangi ya machungwa zilizochapwa pembeni mwa picha msiziamini moja kwa moja: kamera ambayo mwenyewe hakuipanga saa ilichapa ilichotaka.

Na nakuomba jambo moja, mwalimu. Kwenye maelezo uliyonitumia pamoja na picha, yule mama wa kushoto umemwandika "mke wa babu mdogo". Tafuta jina lake. Katika masanduku yote niliyofungua, wanaume wana majina na vyeo, wanawake ni mke wa fulani na mama fulani. Kama yupo mtu hai anayelijua jina alilopewa na wazazi wake, mwulize wiki hii. Kisha liandike ndani ya faili, mahali pa majina ya watu, kuanzia kushoto kwenda kulia.

Mama shikamoo. Sina skana. Nilizipiga picha za bibi kwa simu nikiwa nyumbani Chang'ombe, nikazirusha kwenye grupu la familia la WhatsApp. Sasa ndugu yetu wa Singida anasema kwenye simu yake zimekuwa na ukungu na hazina tarehe. Na kwangu zinaonyesha ramani ya Dodoma, wakati bibi alipigwa Tanga! Mjukuu, Dodoma mjini.

Marahaba. WhatsApp ukiituma picha kama picha, huibana ipungue na kuondoa maandishi ya ndani. Tuma kama hati, kwa ile alama ya klipu ya karatasi, faili litafika lilivyo. Hilo la ndugu wa Singida limekwisha.

La ramani ni kubwa zaidi. Simu yako haijui kwamba imepiga picha ya picha. Imeandika kilichotokea mbele yake: mwaka huu, saa hii, Chang'ombe, tena kwa vipimo vya satelaiti vinavyofika hadi karibu na mlango wenu. Kwa hiyo umefanya bibi apigwe Dodoma, na ukizituma kama hati kabla ya kuondoa vipimo hivyo, utawapa watu wa grupu mahali unapolala. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haitaondoa vipimo hivyo kwenye faili utakalokuwa umekwisha kulirusha. Zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera kabla ya kazi hii. Kwa zilizokwisha kupigwa, ExifTool itaondoa ramani bila kugusa mengine:

exiftool -gps:all= -xmp:geotag= folda

Kisha andika Tanga kwenye nafasi ya mji, kwa mkono wako. Na piga picha hizo upya ukipata nafasi, karibu na dirisha lisilopigwa na jua, simu ikiwa sambamba na picha, bila mwako. Asubuhi, kabla upepo wetu haujaanza kuleta vumbi mezani.

TIFF au JPEG? Na nukta ngapi? Fundi, Kibaigwa.

Skani ya kutunza: TIFF, aina ya faili inayohifadhi picha bila kuipunguzia kitu, nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itatoka na pikseli kama 2362 kwa 3543, inatosha kuchapa kubwa mara mbili kila upande. JPEG ni ya kugawa, maana kila ukiihifadhi upya baada ya kuhariri hupoteza kidogo. Kubadili maandishi peke yake kwa ExifTool hakuichakazi picha, hilo usiogope. Ukitumia digiKam au programu yoyote ya kupanga albamu, ingia kwenye mipangilio uihakikishe inaandika maelezo ndani ya faili lenyewe. Baadhi huyaweka kwenye hifadhidata yao tu, na siku kompyuta inapoharibika yanazikwa nayo. Nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine. Na umeme wa kucheza usiuamini wakati mafaili 300 yanaandikwa kwa mpigo, subiri utulie.

Namba ya picha iandike nyuma kwa penseli laini, pembeni, picha ikiwa imelazwa kwenye kioo safi. Kalamu ya wino inachimba, na baada ya muda utaiona upande wa pili, kwenye paji la uso la mtu.